Uchovu usioisha: jinsi ya kumweleza daktari mpaka apime tezi ya shingo, madini ya chuma na vitamini

Mwenye homa hapuuzwi hospitali. Anapimwa joto, anapimwa malaria, anapewa majibu siku hiyohiyo. Lakini mwenye uchovu wa miezi minane, nywele zinazobaki kwenye kitana na baridi inayomvalisha sweta Dar es Salaam mwezi wa Januari, huyo anaambiwa apumzike na apunguze mawazo. Akiwa mwanamke aliyevuka miaka arobaini anaambiwa ni umri. Akirudi mara ya pili anaandikiwa dawa ya kuongeza damu bila damu yenyewe kupimwa. Mara ya tatu, nyumbani kwake wameshaanza minong'ono ya kumpeleka kwa mganga.

Nimemwandikia huyo, pamoja na ndugu anayemsindikiza. Ninaeleza zaidi hali ya Tanzania, ila msomaji wa Kenya au Uganda atakuta mengi yanafanana. Na niseme mapema ninachoamini: daktari anayekupuuza mara nyingi hana dharau. Ana foleni ndefu nje ya mlango, na wewe hujampa kitu cha kushika. Mpe tarehe, mpe namba, mpe ombi moja lililo wazi, na mazungumzo yatabadilika.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kwenda

"Mwili wote unaniuma, sina nguvu." Sentensi hiyo inaingia kwenye malaria, UTI, mimba changa, VVU, kisukari na msongo wa mawazo. Daktari ataanza na yale anayoyaona kila siku, na ana haki ya kufanya hivyo. Chukua daftari, andika kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha fupisha yote yaingie kwenye ukurasa mmoja. Chukulia ukurasa kama huu:

"Uchovu tangu Machi, baada ya kumwachisha mtoto kunyonya. Nilikuwa nabeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, sasa napumzika njiani na ndoo moja. Uzito Machi kilo 64, Agosti kilo 71, chakula ni kilekile. Choo mara mbili kwa wiki, zamani kila siku. Mapigo ya moyo nikiamka ni 54. Hedhi siku nane. Siku ya pili na ya tatu nabadilisha pedi kila baada ya saa mbili, na mabonge yanatoka. Mama yangu alipasuliwa rovu. Dawa: metformini ya sukari, na vidonge vya nywele na kucha nilivyonunua mwenyewe."

Ukurasa huo unasomeka kwa dakika moja, na hakuna mstari wa bure. Uzito, choo na mapigo vinaelekeza kwenye tezi ya shingo (thairoidi) iliyopunguza kazi. Rovu ya mama, yaani uvimbe wa tezi hiyo, inaongeza uzito wa shaka hiyo, kwa kuwa magonjwa ya tezi hufuata ukoo. Hedhi inaelekeza kwenye upungufu wa madini ya chuma. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12. Vidonge vya nywele navyo vina hila yake, nitaieleza mbele.

Mapigo unayapima mwenyewe: kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu kwa sekunde 60 kamili. Mwanamichezo anaweza kuwa na 54 akawa mzima kabisa. Mtu asiyefanya mazoezi, aliyenenepa na anayehisi baridi, hapo namba hiyo inastahili kusemwa.

Sasa yale yanayofichwa. Kama unakula udongo wa pemba, mchele mbichi au barafu, sema. Wanawake wengi huona aibu, na daktari asipouliza jambo linapita hivihivi, ilhali hamu hiyo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Kama unatumia dawa za kupunguza unene zinazouzwa mitaani, sema pia: baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimekutwa na homoni za tezi ndani yake. Mitishamba nayo itaje kwa jina.

Tezi inaweza pia kuzidisha kazi badala ya kupunguza: unakonda huku unakula, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unatoka jasho, hupati usingizi, macho yanatokeza. Watu wa namna hii mara nyingi husengenywa kuwa wana ukimwi kabla hata hawajapimwa chochote. Njia ya kuandika ni ileile.

Usisubiri daftari likamilike kama uvimbe wa shingo unakuzuia kupumua au kumeza, kama unakua haraka, kama mgonjwa anasinzia hovyo na kuchanganyikiwa huku mwili umepoa, au kama moyo unakimbia pamoja na maumivu ya kifua. Hayo ni ya kwenda leo, hata usiku.

Hatua ya 2: Omba vipimo vichache, kwa mpangilio

Kosa kubwa ni kuingia na orodha ndefu iliyonakiliwa mtandaoni. Daktari akiona vipimo kumi na tano, anaona mtu mwenye wasiwasi, haoni mgonjwa. Isitoshe, pesa ni yako.

Anza na hivi: FBP, yaani picha kamili ya damu (Kenya watakiita hemogramu), TSH pamoja na FT4, na feritini. Daktari akitaka kuongeza sukari, VVU, mimba, figo au kifua kikuu, usione anakukwepa. Vyote hivyo vinaleta uchovu, na ukivikubali bila ubishi unampunguzia sababu ya kukuzungusha.

TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo. Ya shingo ikizembea, himizo linaongezeka na TSH inapanda. Ikizidisha kazi, TSH inashuka karibu na sifuri. Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi, lakini soma kile kilichochapwa kwenye karatasi yako. FT4 ni homoni ya tezi yenyewe, ile sehemu iliyo huru kwenye damu. Baadhi ya maabara hutoa "T4" ya jumla, ambayo hupanda kwa mimba na kwa vidonge vya uzazi wa mpango hata kama tezi ni nzima, kwa hiyo taja FT4 kwa jina lake.

Feritini ni akiba ya chuma mwilini. Hiki ndicho kipimo ninachokipigania kuliko vyote, kwa sababu akiba inaweza kwisha miezi mingi kabla wingi wa damu haujashuka. Shirika la Afya Duniani linahesabu feritini chini ya 15 kwa mtu mzima kuwa upungufu, na madaktari wengi humtibu mwenye dalili hata akiwa chini ya 30. Kuna tahadhari moja: maambukizi na mwako wa ndani ya mwili (inflamesheni) hupandisha feritini. Mtu mwenye maambukizi anaweza kupata 50 ikaonekana nzuri kumbe akiba imekwisha. Kwa hali hiyo shirika hilohilo linasogeza mpaka hadi 70. Kama ulikuwa unaumwa wiki hiyo, kumbusha.

Vitamini B12 iombe ukiwa na sababu: metformini au omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo) ya muda mrefu, kutokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, ganzi miguuni, ulimi kuuma, au tezi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili, maana magonjwa haya hupenda kuandamana. Vitamini D iache mwisho, isipokuwa una maumivu ya mifupa au unakaa ndani na kujifunika mwili wote kila siku. Ni kipimo ghali ambacho mara nyingi hakibadilishi matibabu.

Kipimo cha madini joto (ayodini) kwenye mkojo usikiombe kabisa. Kiwango chake hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo kinafaa kupima hali ya jamii nzima na si ya mtu mmoja. Kwa upande huo tazama chumvi yako. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu kabla ya chumvi kuwekwa madini joto, na hata Unguja na Pemba, ambako samaki yuko mezani kila siku, watafiti walikuta upungufu. Chumvi ya mawe isiyo na lebo huenda haina kitu. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, basi. Matone ya ayodini na vidonge vya mwani usivinywe kwa kujiamulia: ayodini ikizidi nayo huiharibu tezi, kwa kuizimisha au kwa kuichochea.

Hatua ya 3: Siku ya kutolewa damu

Vile vidonge vya nywele na kucha mara nyingi vina biotini nyingi, aina ya vitamini, na mashine nyingi za maabara hudanganywa nayo. TSH inaweza kutoka chini na FT4 juu, mtu akaambiwa tezi yake imezidisha kazi wakati imelala. Viache angalau siku mbili kabla, tatu zikiwezekana, na mwambie mtu wa maabara ulikuwa unavitumia.

Nenda asubuhi, maana TSH hushuka kadiri siku inavyosonga. Ukirudia kipimo, rudia saa zilezile na kwenye maabara ileile. Kama tayari unatumia levothairoksini (homoni ya tezi ya vidonge), meza baada ya kutoa damu. Usianze vidonge vya chuma kabla ya feritini kupimwa. Na kama umetoka kulazwa kwa malaria kali au nimonia, subiri wiki sita hivi kwa kipimo cha tezi, isipokuwa hali yenyewe haisubiri, kwa sababu ugonjwa mkali huyumbisha namba hizi.

Bei iulize dirishani mapema, na kama una bima uliza kama inalipia TSH na feritini na kama inataka rufaa. Zahanati haitakuwa na vipimo hivi. Huko omba rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Hospitali ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii kwa asiyeweza kulipa, lakini hakuna atakayekupeleka usipouliza.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba cha daktari

Nenda na mtu. Mume, dada, mtoto mkubwa, yeyote aliyekuona ukibadilika. Neno la mtu wa pili lina uzito: "Daktari, mama alikuwa anaamka saa kumi na moja kukanda chapati za biashara, siku hizi hata saa mbili hajaamka." Ila ukubaliane naye kabla kwamba mgonjwa ndiye anayeongea kwanza.

Salamu, kisha jambo kubwa kwanza. Usianze na mafua ya wiki iliyopita.

"Shikamoo daktari. Nimekuja kwa uchovu wa tangu Machi unaonizuia kufanya kazi. Nimeongezeka kilo saba, choo kimekuwa kigumu, na hedhi imekuwa nzito. Nimeandika hapa. Naomba uangalie kama inaweza kuwa tezi ya shingo au upungufu wa chuma."

Mkabidhi ukurasa. Nyamaza asome. Ukimya huo ni mgumu kwa wengi wetu, lakini ukiujaza kwa maneno ataacha kusoma ili akusikilize, na yale ya maana yatapotea.

Usitamke ugonjwa kama hukumu: "Nina tezi, niandikie dawa." Namna hiyo unamgeuza kuwa mtetezi wa upande wa pili. "Naomba uangalie kama" inamwachia kazi yake na bado inaweka tezi mezani. Mwombe pia akupapase shingo ukiwa unameza mate. Ni jambo la sekunde chache, halina gharama, na linasahaulika mara nyingi.

Akijibu, "Mama, huo ni uchovu wa kazi tu," usibishane juu ya kazi. Uliza hivi: "Sawa daktari. Kama ni kazi, nitegemee nafuu baada ya muda gani? Na isipokuja, tutapima nini?" Hapo mmepanga tarehe, na ukirudi hutaanza upya.

Akikataa moja kwa moja: "Naomba basi uandike kwenye faili kwamba nimeomba TSH na feritini, na sababu ya kutopima." Sema kwa sauti ya chini, bila kumkazia macho. Ombi hilo ni la haki. Daktari akishika kalamu kuandika sababu, mara nyingi anaifikiria upya.

Hatua ya 5: Ukiambiwa "vipimo viko sawa"

Hapa ndipo watu wengi huishia, na hapa ndipo ningependa usimame. Omba nakala ya majibu, au piga picha ukurasa mzima uonyeshe tarehe, namba, kizio cha kipimo na kiwango cha maabara. "Sawa" ya kusikia mlangoni haitamsaidia daktari wa pili.

Chukulia karatasi inayosema: Hb 12.1, MCV 76, TSH 3.1. Wingi wa damu (Hb) kwa mwanamke asiye mjamzito unahesabiwa pungufu chini ya 12, kwa hiyo 12.1 inapita na mtu anarudishwa nyumbani. Shuka mstari wa MCV, ambao ni ukubwa wa chembe nyekundu. Kawaida huanzia 80 hivi. Chembe ndogo kama hizo huashiria ama chuma kimepungua, ama mtu amerithi thalasemia ndogo, hitilafu ya chembe nyekundu ambayo ni ya kawaida katika ukanda wa pwani. Karatasi hiyo haiwezi kutenganisha hayo mawili. Feritini inaweza. Hilo ndilo swali la kurudi nalo: "Daktari, MCV yangu ni 76. Tunaweza kupima feritini tujue kama ni chuma?" Ukiuliza hivyo unaonekana mtu anayesoma majibu yake, na majibu ya kukutuliza tu yanakuwa magumu kutoa.

Feritini ikitoka chini, usiridhike na vidonge peke yake. Chuma kimekwenda wapi? Hedhi nzito na uvimbe kwenye kizazi, minyoo ya safura, vidonda vya tumbo, damu kwenye choo. Mwanaume au mwanamke aliyekoma hedhi akiwa na upungufu wa chuma lazima tumbo lichunguzwe.

TSH ikiwa juu kidogo, tuseme 6.8, na FT4 iko kawaida, daktari mwangalifu hatakimbilia dawa. Atarudia baada ya miezi miwili au mitatu pamoja na anti-TPO, kipimo cha kinga ya mwili inayoshambulia tezi. Huko si kupuuzwa. Namba kama hiyo mara nyingi hurudi yenyewe, na dawa katika hatua hiyo haimwondolei kila mtu uchovu. TSH ikipita 10 kwa kawaida hutibiwa. Mwanamke anayetafuta mimba aseme hivyo, kwa kuwa kwake uamuzi unaweza kuwa tofauti.

Kuna kundi moja ambalo TSH peke yake huwasaliti, nalo ni wanawake waliovuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Damu ikipungua ghafla, tezi ya pituitari inaweza kufa sehemu. Madaktari wanaiita sindromu ya Sheehan. Pituitari iliyoumia haiwezi kutoa himizo, kwa hiyo TSH inatoka kawaida au chini wakati FT4 iko chini kabisa. Mama huyo atakuwa hakupata maziwa ya kunyonyesha, hedhi haikurudi au ilirudi kidogo, nywele za kwapa na kinena zilipukutika, na amekuwa dhaifu miaka nenda rudi. Kama ni wewe, au ni mama yako, sema wazi: "Nilipojifungua mtoto wa mwisho nilivuja damu mpaka nikaongezewa, na maziwa hayakutoka. Naomba FT4 na kotisoli." Kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ni muhimu hapo, kwa sababu kuanza homoni ya tezi wakati kotisoli imepungua kunaweza kumwangusha mgonjwa vibaya.

Hatua ya 6: Kupanda ngazi

Ukishindwa mara mbili mahali pamoja na dalili zinaendelea, omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Mabingwa wa homoni ni wachache na wako zaidi kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili. Bingwa wa magonjwa ya ndani anatosha kabisa kwa sehemu kubwa ya haya. Nenda na ukurasa wako, picha za majibu zilizopangwa kwa tarehe, na vidonge vyote kwenye mfuko, hata vile ulivyoacha. Usimsimulie bingwa ubaya wa waliomtangulia. Muda wako naye ni mfupi.

Majibu yote yakitoka mazuri kweli, FT4 ikiwemo, na feritini inatosha bila maambukizi, kubali kwamba tezi na chuma vimeondolewa kwenye orodha, uulize kinachofuata. Sonona na kukosa usingizi ni magonjwa halisi yenye matibabu, si tusi.

Hatua ya 7: Ukishapewa dawa

Levothairoksini inamezwa tumbo tupu kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chai ya maziwa na kidonge pamoja ni sababu ya kawaida ya watu kuambiwa dawa haifanyi kazi. TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, si kabla, kwani mwili huchukua muda huo kutulia kwenye kiwango kipya. Ondoka na tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi. Anayetumia kabimazoli kwa tezi iliyozidisha kazi, akipata homa au koo kuuma, aache vidonge na aende siku hiyohiyo kupimwa chembe nyeupe za damu.

Vidonge vya chuma visiandamane na chai wala kahawa; chungwa au maji ya ndimu husaidia kifyonzwe. Rudia feritini baada ya miezi mitatu hivi.

Ukichelewa hedhi ukiwa kwenye levothairoksini, usiache dawa kwa kuogopa mtoto, na usingoje miezi mitatu kuanza kliniki. Mahitaji ya homoni hupanda tangu wiki za mwanzo, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi, na daktari anatakiwa kuipandisha mapema. Kliniki watakupa vidonge vya chuma na foliki asidi. Vipokee, lakini vitenge na dawa ya tezi kwa saa nne au zaidi: ya tezi alfajiri, ya chuma usiku baada ya chakula. Mwambie muuguzi aiandike ratiba hiyo kwenye kadi ya kliniki, ili zamu nyingine isije ikakwambia umeze vyote pamoja.